Maji ya Ubatizo na Maji ya Kunywa

Somo la kujifunza nyumbani, katika Umoja wa Akina Mama na katika vikundi vya vijana

Kabla ya kuanza someni: Mwanzo 21:8–21; Kumbukumbu la Torati 23:12–14; 2 Wafalme 2:19–22; Yakobo 2:14–17.



Kila tunapokuwa na ubatizo kuna kazi moja hufanywa alfajiri ambayo haimo katika kitabu cha ibada. Mtu huenda kuchota maji. Padre akifika, birika la ubatizo limekwisha kujazwa, naye huyabariki maji yale, huwabatiza watoto, mama zao hushangilia. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuuliza: Maji haya yametoka wapi, na ni nani aliyeyabeba?

Katika vijiji vya Kwedizinga na jirani zake jibu twalijua. Mara nyingi aliyeyabeba ni msichana wa miaka kumi au kumi na miwili, mwenye ndoo kichwani, aliyeondoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Na wakati wa kiangazi mara nyingi yametoka lamboni, mahali ambapo ng'ombe hunywa, na watoto wa kiume huoga papo hapo. Juu ya ubatizo wenyewe hatuna shaka. Maji yenye tope yabatiza sawasawa na maji ya mvua, wala neema ya Mungu haizuiwi na matope. Bali nataka tuulize swali la pili. Mtoto yule tuliyembatiza leo, je, kesho tutampa anywe maji yale yale? Tukijibu kwamba hapana, basi atakunywa yapi? Na tukijibu kwamba ndiyo, maana hakuna mengine, hapo ndipo somo letu linapoanzia.

NCHI YETU NA KIU YAKE

Handeni si nchi isiyojua mvua. Masika huja Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Ila mvua zetu hazina ahadi. Mwaka mmoja zinafurika, mwaka wa pili zinapita juu kama mgeni asiyetaka kukaribishwa. Vijito vingi hukauka. Watu wanabaki na malambo, na visima vifupi vinavyochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, na maji ya mapaa ya bati kwa wale walio na bati na mahali pa kuyahifadhi. Mto Pangani upo, wapita Korogwe mwaka mzima, lakini kuuona mto si kuyanywa maji yake.

Wazee wetu wanalikumbuka bomba kubwa la HTM, lililojengwa katika miaka ya 1970 ili kuyasukuma maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe hata Handeni. Wakati ule nchi nzima ilikuwa na tumaini kubwa. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 toka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ukaja, ukapita. Mashine zilizeeka, dizeli ilikosekana, vipuri havikupatikana, na katika vijiji vingi watu waliihesabu pampu kuwa ni mali ya Serikali. Kwa hiyo ilipokufa walingoja Serikali ije kuizika. Mwaka 2019 iliundwa RUWASA kwa ajili ya maji ya vijijini, na Juni 2022 ikatiwa sahihi mikataba ya maji ya miji 28, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika hesabu hiyo. Tuiombee kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini mtoto wa miaka miwili hawezi kuwekwa akiba mpaka bomba lifike. Anakunywa leo.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba katika mwaka 2019 watoto 395,000 walio chini ya miaka mitano walikufa duniani kwa sababu ya maji mabaya, ukosefu wa vyoo na ukosefu wa kunawa mikono. Hesabu kama hiyo haiingii kichwani. Afadhali kila mmoja wetu afikiri juu ya makaburi madogo anayoyajua yeye mwenyewe, yale mafupi, na akumbuke ni mangapi yaliyochimbwa baada ya siku mbili tatu za kuhara.

HAJIRI NA KIRIBA CHAKE

Sasa fungueni Mwanzo 21. Hajiri amefukuzwa pamoja na mwanawe, amepewa mkate na kiriba cha maji. Maji yamekwisha. Amemlaza mtoto chini ya kijiti, naye amekwenda kukaa mbali kidogo, kwa sababu hana moyo wa kumtazama akifa. Akina mama wa kwetu hawahitaji kufafanuliwa habari hii.

Angalieni mambo mawili ambayo twayapita upesi. La kwanza, Maandiko yasema kwamba Mungu aliisikia sauti ya mtoto. Mama alikuwa akilia, lakini sauti inayotajwa kuwa imesikiwa ni ya mtoto, na jina lenyewe la Ishmaeli maana yake ni kwamba Mungu husikia. Basi tunapowaombea watoto wasio na maji, hatumwambii Mungu habari mpya. Amekwisha kuwasikia kabla yetu. Sisi ndio tunaochelewa.

La pili, Mungu hakumshushia Hajiri mtungi kutoka mbinguni. Alimfumbua macho akaona kisima. Kisha Hajiri mwenyewe akaondoka, akakijaza kiriba, akamnywesha mtoto. Sala yake ilijibiwa kwa macho na kwa miguu. Watu wengi wanaotaka sala ijibiwe wangependa sehemu ya miguu ifanywe na mtu mwingine.

Na Elisha kule Yeriko je? Watu walimwambia kwamba mji wao ni mzuri, ila maji yake ni mabaya. Akaomba chombo kipya na chumvi, akaenda hata chemchemi yenyewe yatokapo maji. Hakwenda kutia dawa katika mitungi ya nyumba moja moja na kuiacha chemchemi jinsi ilivyokuwa.

SHERIA YA CHOO

Kumbukumbu la Torati 23 ikisomwa kanisani vijana huchekeana, na pengine msomaji mwenyewe hushusha sauti. Lakini neno ni neno. Waisraeli waliagizwa wawe na mahali nje ya kambi, na kila mmoja awe na kijiti cha kuchimbia pamoja na silaha zake. Akienda haja achimbe, kisha afukie. Na sababu iliyotolewa si ya daktari. Ni kwamba Bwana hutembea katikati ya kambi. Kwa hiyo choo kimo katika Torati, nacho kimetajwa kwa ajili ya heshima ya Mungu aliye katikati ya watu wake.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio jirani zetu walio wengi katika Handeni, wametupita katika jambo hili. Ni nadra kuuona msikiti usio na mahali pa kutawadhia na choo karibu. Nimepata kuingia katika kanisa moja, silitaji, lenye madirisha ya vioo na kengele isikikayo mbali, nikauliza watoto wa Shule ya Jumapili huenda wapi. Nikaonyeshwa kichaka. Chini ya kichaka kile ardhi inateremka kuelekea kisimani.

KASISI MMOJA WA LONDON

Pengine wengine watasema kwamba kasisi na wazee wa kanisa hawana kazi na vyoo, hiyo ni kazi ya Bwana Afya. Sikilizeni basi habari ya kasisi mmoja wa Kanisa letu hili la Anglikana.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliingia katika mtaa wa Soho, London. Katika majuma machache walikufa watu zaidi ya 600. Henry Whitehead alikuwa kasisi msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Luka katika mtaa huo, mtu wa miaka 28. Alishinda na kukesha nyumbani mwa wagonjwa, akisali nao na kuwafumba macho. Daktari mmoja, John Snow, alisema ugonjwa umetoka katika pampu ya maji ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile ukaondolewa. Whitehead hakumsadiki. Maji ya pampu ile yalisifiwa kuwa matamu na meupe. Akaazimu kwenda nyumba kwa nyumba ili aonyeshe kwamba daktari amekosea.

Basi akawauliza waliobaki, mmoja mmoja: Nani alikunywa maji gani, siku gani? Aliweza kuuliza, maana aliwajua kwa majina na walimfungulia mlango. Na kadiri alivyouliza ndivyo alivyoona kwamba daktari alisema kweli. Ndiye pia aliyegundua mwanzo wa msiba. Katika nyumba namba 40, mbele ya pampu, mtoto mchanga wa miezi mitano alikuwa ameugua kuhara kabla ya wengine, akafa. Mama yake alifua nepi zake katika ndoo, na maji yale akayamwaga katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Kuta za shimo zilikuwa zimeoza, na toka shimo hata kisima haikufika mita moja.

Mama yule hakutenda dhambi. Alimuuguza mwanawe kama awezavyo mama yeyote. Hakuna aliyemwambia. Na huyu kasisi hakuwa mtaalamu wa maji. Alikuwa mtu aliyezoea kuwatembelea waumini wake, mwenye unyofu wa kukubali kwamba alikosea. Vitu hivyo viwili hata mtaa wetu unaweza kuvipata bila fedha za wafadhili.

KINYESI CHA MTOTO

Nimeleta habari ya nepi kwa makusudi. Kwetu twasikia mara nyingi kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina neno. Hutupwa nyuma ya nyumba, au nepi husuuzwa mtoni. Kweli ni kinyume chake. Watoto wadogo ndio waharao zaidi, kwa hiyo choo chao hubeba vijidudu vingi vya ugonjwa. Chatakiwa kutiwa chooni kama cha mtu mzima, na maji ya kufulia nepi yamwagwe humo, wala si lamboni.

Uchafu una njia zake za kurudi kinywani, nazo si za siri: mikono isiyonawiwa, nzi wanaotoka shimoni na kutua katika uji, maji ya mvua yanayouteremsha uchafu mpaka kisimani. Minyoo ya safura haihitaji hata kinywa, huingia kwa nyayo za mtoto anayetembea peku. Kichocho nacho hutoka kwa mtu anayekojoa majini, hupita kwa konokono, kisha huingia katika ngozi ya mtoto anayeoga. Ndiyo sababu choo kisicho na kifuniko ni nusu ya choo, na choo kilicho karibu na kisima ni adui. Kiwekwe upande wa chini wa kisima, umbali wa mita 30 au zaidi.

Maji ya lambo yaacheni kwanza yatulie, myachuje kwa kitambaa safi. Mbegu za mlonge zilizopondwa husaidia tope kushuka. Kisha yachemsheni. Najua mtakavyosema: kuni. Kuni nazo zabebwa na msichana yule yule wa ndoo. Basi palipo na jua, maji yaliyokwisha kuwa maangavu yaweza kutiwa katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zikalazwa juu ya bati saa 6 za jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu. Dawa ya maji ya klorini nayo ni nzuri, mkifuata maandishi ya chupa.

Na mtoto akiisha kuanza kuhara, anayemwua ni ukavu. Mwili unapoteza maji na chumvi. Zahanati hutoa pakiti za ORS pamoja na vidonge vya zinki, tena vidonge hivyo apewe siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekoma. Zahanati ikiwa mbali, au usiku umeingia, tieni katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe, visiwe vya kulundika. Onjeni kwanza, yasizidi chumvi ya machozi. Mpeni kidogo kidogo, na mama asiache kunyonyesha. Akitapika yote, au macho yakidumbukia, au haja ikiwa na damu, msingoje asubuhi. Kila mwanachama wa Umoja wa Akina Mama yampasa kuyajua haya kwa moyo kama ajuavyo Sala ya Bwana.

TUOMBEJE?

Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyefia Hegongo, Magila, Novemba 1924, aliwahutubia Waanglikana wengi huko London mwaka 1923. Aliwaambia, kwa maana hii, kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu aliye katika tabenakulo kama hawamwonei huruma Yesu aliye katika mitaa ya maskini. Yeye hakuwa mtu wa kudharau sala wala ubani. Aliyasema kwa sababu aliiamini sana Sakramenti. Twaupenda urithi wake katika dayosisi yetu, nasi tusiuchukue nusu.

Mara nyingi twaomba kwa jumla: Ee Bwana, wakumbuke maskini. Sala hiyo ni fupi na haimwamshi mtu. Jaribuni kuomba kwa majina. Taja lambo kwa jina lake. Taja shule, na idadi ya matundu ya vyoo vyake. Kanuni ya nchi ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Hesabuni ya shule yenu kabla ya kuomba. Msichana aliyevunja ungo, ambaye shule yake haina choo chenye mlango wala maji, hubaki nyumbani siku zake za hedhi kila mwezi, naye huachwa nyuma katika masomo. Waombeeni walio katika kamati ya maji, hasa mtunza fedha, maana vijiji vingi vimekosa maji pasipo ukame, kwa fedha ya kipuri iliyoliwa. Na mwaombe katika siku tatu zilizo kabla ya Kupaa Bwana, siku ambazo Kanisa tangu zamani limeziweka kwa kuombea mashamba na mvua. Zamani watu walitoka kanisani kwa maandamano mpaka shambani. Kwa nini sisi tusiandamane mpaka lamboni?

Mkiwa pale, mwaweza kusali hivi:

Ee Mungu, uliyeisikia sauti ya mtoto wa Hajiri jangwani, wasikie watoto wa kijiji hiki wanaokunywa hapa. Utufumbue macho tuone yale tuliyozoea kuyapita. Utusamehe maji tuliyoyachafua na kazi tuliyomwachia mtoto. Uitie nguvu mikono yetu kwa jembe na sururu, na mioyo yetu kwa uaminifu katika fedha ya watu. Kwa Yesu Kristo, aliyeona kiu msalabani. Amina.

Kisha msirudi nyumbani mara moja. Wanaume walete miiba na miti, mzungushie ua sehemu ya kuchotea, ng'ombe wapewe upande wao. Hilo ni jambo la siku moja, na Waislamu watakuja mkiwaalika, maana lambo halina dini.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika nchi yetu. Walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Wengi wa walimu wake walikuwa watu wa kawaida waliojua kusoma tu. Nasi tunavyo vikundi, na kitabu tunacho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Kanisa letu lina choo? Kina mlango, kifuniko na kibuyu chirizi chenye sabuni? Kama hakuna, Halmashauri ya Kanisa itakichimba lini, na nani ataleta nguzo? Andikeni tarehe.

Katika nyumba zetu nani huchota maji, na kwa safari ngapi kwa siku? Baba na vijana wa kiume wajibu kwanza, halafu wasichana waseme kama jibu lile ni la kweli.

Je, kuna mama katika mtaa wetu aliyefiwa na mtoto kwa kuhara mwaka huu, nasi tulikwenda kwake siku ya mazishi tu? Nani atarudi kwake juma hili?

Kabla ya ubatizo ujao: maji yatachotwa wapi, na nani atayabeba?